Namna ya Kumpa Mwanao Jina Adimu Makangale na Likavuka Bahari Likiwa Zima

Hongera kwa mtoto wa kiume. Kabla hujaulizwa uzito wake umeshaulizwa jina, na kabla hujafungua kinywa wameshajibu wengine kwa niaba yako. Ami anataka Mohammed. Shangazi amemchagulia la mchezaji mpira. Mama mkwe ana orodha ndefu na anaisoma kwa sauti. Wewe moyoni una moja tu: la babu wa babu yako, aliyezikwa njia ya kuelekea Ras Kigomasha, jina ambalo leo Makangale nzima, hapa Pemba, hakuna anayeitwa. Shika hapo hapo, usitikisike. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako.

Anza kwa kulipima kama kweli ni adimu. Ijumaa, watu wakitoka msikitini, simama mlangoni uite kwa sauti ya mtu anayedai deni. Ukiita Mohammed, nusu ya waliokuwemo watageuka. Ukiita Ali, watageuka waliobaki. Kwa Hamad, Omar na Khamis utazuia njia. Sasa ita la babu wa babu. Asipogeuka kijana hata mmoja, ila akasimama kikongwe mwenye bakora akakutazama kama aliyesikia sauti ya mtu anayemjua, umepata ulichokitafuta. Mfuate kikongwe huyo mpaka barazani kwake, ukae, umsikilize. Hakuna daftari la serikali litakalokwambia anachokijua yeye: silabi ipi ilivutwa, ipi ilikatwa, na kama mwisho palikuwa na irabu au pumzi tu. Mrikodi kwa simu. Kila kitakachofuata kwenye mwongozo huu kinategemea mazungumzo hayo.

Usidanganyike na masafa. Kombo, Faki, Shaame na Makame si adimu hata kidogo ukiwa Micheweni au Konde. Kwenye darasa moja la skuli utawakuta wote, na pengine Kombo wako watatu. Wapandishe meli hadi Dar es Salaam, kisha basi hadi Mbeya, na mwalimu ataomba atajiwe tena kila jina. Ndugu zetu wa Unguja nao wana Vuai, Pandu, Ussi na Machano, wanaojaa kule kusini na Tumbatu na kumshangaza karani wa Mwanza. Kwa hiyo ukisema mwanao atakuwa na jina adimu, sema ni adimu wapi. Kuna lililo adimu huko nje, na hilo shida yake ni tahajia peke yake. Kuna lililo adimu hata hapa nyumbani, na hilo lina shida ya pili, kubwa zaidi: limebakia kwa mtu mmoja, au kwa kaburi.

Kwa hilo la pili natoa rai bila kuuma maneno: lichukue. Msitu wa Ngezi, tunaopita ndani yake kila tukitoka Konde kurudi nyumbani, una popo asiyepatikana popote duniani ila Pemba. Kuna wakati aliwindwa hadi watafiti wakahofia kwamba anakwisha, katika miaka ya 1980. Wanavijiji wakaamua kumlinda, na leo anahesabiwa kwa maelfu. Majina nayo yanaweza kurudi hivyo, tena kwa gharama ndogo zaidi, maana yanahitaji baba mmoja mwenye msimamo na mama aliyekubali.

Tena sisi tuna utaratibu wa kuyarudisha, tumeurithi tayari. Tazama watu wanaojulikana. Aliyeapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar mwaka 2021, Mpemba, anaitwa Othman Masoud Othman. Aliyekuwa Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar mwaka 2015 ni Jecha Salim Jecha. Jina la kwanza na la tatu ni moja: mjukuu amebeba la babu. Jina linaruka kizazi, linapumzika kwa baba, linaamka kwa mtoto. Ndiyo maana Jecha haijapotea. Lakini mnyororo huu una pete chache, na kizazi kimoja kikiona haya, basi. Mtoto wa mtoto wako hatakuwa na wa kumuuliza.

Haya yenyewe huja namna hii: jina linasikika zito, au la kishamba, au lina maana ambayo wageni hucheka. Wazee wetu waliwahi kuwapa watoto majina ya unyonge kwa makusudi, hasa waliozaliwa baada ya ndugu zao kufariki, ili jicho la hasadi lipite lisimwone. Majina ya namna ya Mashaka, Taabu na Shida yalikuwa kinga. Hayakumzuia mtu kuwa mtu. Mwanasiasa Juma Duni Haji ametembea na neno Duni katikati ya jina lake hadi kuwa mgombea mwenza wa urais wa Tanzania mwaka 2015, na wananchi wakamwita Babu Duni kwa mapenzi. Hata hivyo muulize sheikh wako. Mtume (S.A.W.) aliwabadilishia watu majina yaliyobeba maana mbaya, na siku ya saba, mbuzi wawili wa akika wakichinjwa, hutaki ubishi uanze na sinia zimeshatandazwa. Kama jina la babu ni tusi kweli, tafuta la ndugu yake. Kama ni geni tu masikioni mwa watu wa mbali, halina kosa lolote, libaki.

Sasa tahajia, na hapa naomba utulie, kwa sababu ndipo majina yetu yanapouawa.

Wazee waliyaandika kwa herufi za Kiarabu. Herufi hizo zilikuwa na khe yake, ghaini yake na dhali yake, ila hazikuwa na o wala e. Wazungu wakaja na za Kilatini. Edward Steere, mmishonari aliyeishi Unguja, alichapisha kitabu chake cha Kiswahili mwaka 1870. Kisha mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ikasanifisha lugha juu ya msingi wa Kiunguja. Katika usanifu huo khabari ikawa habari na kheri ikawa heri. Kwa maneno ya kamusi sina ugomvi. Majina ya watu wa visiwani lakini hayakukubali kufuata, na yalifanya vyema. Khamis wetu hakuwa Hamisi, Khatib hakuwa Hatibu, Khalfan hakuwa Halfani. Mtoto wa Makangale aliyekaa chuoni akafundishwa kutofautisha ha na khe tangu ana miaka mitano anajua kwamba Hamad na Khamis hazianzi kwa sauti moja. Karani anayezifanya moja amemnyang'anya kitu alichojifunza.

Ongeza na irabu ya mwisho. Bara hupenda jina liishie kwa irabu, hivyo Bakar huwa Bakari, Rashid huwa Rashidi, Salim huwa Salimu, na Othman hugeuka hadi kuwa Athumani. Ongeza na herufi tunazozirudia: Mussa, Issa, Yussuf, Nassor. Ongeza na ou ya Mbarouk na Massoud, ambayo haimo katika somo lolote la Kiswahili na bado inaandikwa na watu wenye shahada. Ipi sahihi? Iliyoandikwa kwenye cheti cha kwanza. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, lina kazi yake juu ya lugha. Herufi za jina la mwanao ni amana yako wewe. Uhuru huo ni mkubwa, nao ndio unaotuponza, maana kila ndugu huutumia kivyake.

Chukua Shaame, mfano ulio bora kuliko yote. Zile a mbili ndizo jina lenyewe. Sauti inavutwa pale, na bibi akiliita kutoka uani utaisikia ikivutwa. Karani asiye wa kwetu huona a moja imezidi, akaifuta kwa nia njema. Ikabaki Shame. Ndani ya Tanzania mtoto amepungukiwa urefu wa sauti. Akifika Birmingham, amebeba neno ambalo kwa Kiingereza ni fedheha, limechapwa kwenye kitambulisho cha skuli, na wenzake wana umri wa miaka kumi na moja. A moja hiyo ina kazi. Faki nayo ina mtihani wake kwa Waingereza, maana ikitamkwa ovyo hukaribia neno lisilosemwa mbele ya mkwe. Lakini Moussa Faki Mahamat wa Chad aliongoza Kamisheni ya Umoja wa Afrika kuanzia mwaka 2017 hadi 2025, akaitwa hivyo kwenye kila ukumbi wa dunia, na wakubwa wote wakajifunza kulitamka. Mwanao naye ataweza kuwafunza, mradi aondoke nyumbani akijua kwamba wa kujifunza ni wao.

Kwa hiyo kabla ya siku ya saba lipitishe jina kwenye mikono ya watu watatu. Liandike kwenye karatasi, usiliseme. Mpe mwalimu aliyekuja kutoka bara alisome. Mpe mjomba aliyerudi kutoka Muscat aliandike kwa Kiarabu, kisha mwengine alisome kutoka kwenye Kiarabu hicho. Hapo utaona mambo: Kombo hurudi ikiwa Kumbu, Pandu hurudi ikiwa Bandu kwa sababu Kiarabu hakina p, Vuai hupata f, na Machano huipoteza ch yake njiani. Watu wetu wengi wanaishi Oman tangu miaka ya 1970, na wanaujua mtihani huo wa kubadilishwa jina katika kulihamisha kutoka mwandiko huu kwenda ule. Wa tatu awe kijana aliyesoma Kiingereza sana. Huwatafuti ili walibadilishe jina. Unatafuta pale litakapovunjika, ili upaimarishe: kama a zinahitaji kuwa mbili, ziwe mbili kuanzia leo; kama kh inahitajika, isikosekane mahali popote.

Wala usitie alama ya ritifaa katikati ya jina eti kuonyesha ‘ain. Najua inapendeza, na walioandika Sha'ban kwa usahihi wa Kiarabu walikuwa na hoja. Ila sehemu ya pasipoti inayosomwa na mashine ina mistari miwili ya nafasi 44 kila mmoja, na kwa majina zimetengwa nafasi 39 tu, nazo hukubali herufi A hadi Z peke yake. Alama hiyo itafutwa, na tangu siku hiyo kitabu cha safari na cheti cha kuzaliwa vitakuwa na maandishi mawili.

Nafika sasa kwenye jambo lililonifanya niuandike mwongozo huu.

Kwetu hakuna jina la ukoo kwa namna wanayoijua Wazungu. Mtu ana lake, la baba na la babu, basi. Maana yake ni kwamba jina unalompa mtoto huyu leo halitakaa kwake peke yake. Miaka thelathini ijayo litakuwa la pili kwa watoto wake wote. Miaka sitini ijayo litakuwa la tatu kwa wajukuu zake wote waliozaliwa na wanawe wa kiume, na huko ughaibuni hilo la tatu ndilo litakalochukuliwa kuwa la ukoo. Herufi unazozichagua wiki hii, na mtoto bado amefunikwa kanga, zitasainiwa na watu ambao hutawaona. Mohammed ikikosewa, wa kuisahihisha wako milioni. Kila mtu anajua ilikusudiwa nini. Jina adimu likikosewa mara moja halina shahidi. Anayeliona mara ya kwanza likiwa limekosewa ataamini kuwa ndivyo lilivyo.

Tuseme Shaame wetu amekua, ameoa, ana watoto watatu. Wa kwanza ameandikishwa skuli kama mtoto wa Shaame. Wa pili, karani mwengine, mtoto wa Shame. Wa tatu alizaliwa familia ikiwa Tanga, akaandikwa wa Shami. Nyumbani ni ndugu, wamelala kitanda kimoja. Kwenye karatasi wana baba watatu. Hakuna anayeona tatizo mpaka siku baba anapofariki na kuacha minazi, mikarafuu kidogo na kiinua mgongo chake cha kazi, na mtu wa benki akataka uthibitisho kwamba watu hawa ni wa baba mmoja. Hapo ndipo ndugu wanaanza kutafuta wazee wa kula kiapo, nauli ya kwenda na kurudi mjini, na wakili. Kwa sababu ya a moja! Nimeona familia zikipita humo, na uchungu wake ni wa aina yake, kwa kuwa hakuna adui. Kila aliyekosea alikuwa anamsaidia mtu.

Ndiyo maana siku ya kuandikisha uende mwenyewe. Usimtume mdogo wako anayepita njia hiyo. Usajili wa vizazi Zanzibar uko chini ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2018, na kabla ya kufika wilayani utapita kwa sheha, ambaye anakujua, anamjua babu yako, na kwa sababu hiyo hiyo ataliandika jina kwa namna anayoiona yeye ndiyo yake. Mpe heshima yake yote na karatasi iliyokwisha andikwa kwa herufi kubwa. Fanya hivyo hivyo hospitali, fanya hivyo hivyo wilayani Micheweni. Usilitamke kwanza, sauti huandikwa na kila mtu kwa sikio lake. Likishaandikwa, omba ulisome kabla ya muhuri. Foleni nyuma yako itanung'unika. Iache inung'unike, soma herufi moja moja, soma na la baba na la babu, kwa sababu na hayo ni yako kuyalinda.

Wenzetu walioko Kenya wanalijua hili kuliko sisi. Wapemba waliokaa pwani ya Kwale na Kilifi kwa vizazi, wakivua na kuzikana huko, wengi wao hawakuwa na vitambulisho vya nchi yoyote, hadi mwaka 2023 serikali ya Kenya ilipowatambua kuwa jamii mojawapo ya nchi hiyo na kuanza kuwapa vitambulisho. Kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza jina la familia kuingia kwenye karatasi ya serikali. Mzee aliyeishi umri wake wote akiitwa tu, siku ile aliulizwa: linaandikwaje? Natumaini alikuwepo mjukuu pembeni mwenye karatasi ya herufi kubwa.

Ukisafiri, beba vyeti vya kuzaliwa vya watoto kwenye mkoba wa mkononi. Fomu za Ulaya na Marekani zitataka jina la ukoo, nawe utaandika la babu yako, mwanao ataandika la babu yake, ambaye ni baba yako, na mkeo ataandika la babu yake yeye. Watu watatu wa nyumba moja wamesimama mbele ya dirisha la uhamiaji, na kompyuta inaona wageni wasiohusiana. Eleza taratibu, bila kuomba radhi. Usikubali kushauriwa ulifupishe au ulifanye jepesi. Abdulrazak Gurnah aliondoka Zanzibar kijana kwenda Uingereza katika miaka ya 1960, na majalada ya vitabu vyake yana herufi zile zile, z na k na ile h ya mwisho, hadi mwaka 2021 zikasomwa Stockholm pamoja na Tuzo ya Nobeli. Wapo wanaoandika Abdulrazaq, wapo wanaoligawa mara mbili. Yeye ameshaandika lake, na dunia inafuata.

Na kama maji yameshamwagika, jina liko namna tatu kwenye karatasi tatu? Usiendelee kuongeza ya nne. Toa vyeti vyote vya nyumba nzima, vitandaze mkekani, tafuta kilicho cha zamani kuliko vyote na kilichokaribia zaidi sauti aliyokupa yule kikongwe. Kiwe hicho. Kula kiapo, fuata taratibu za kusahihisha, anzia na cheti cha kuzaliwa, kisha kitambulisho cha Mzanzibari, kisha pasipoti. Fanya haya kabla mtoto hajasajiliwa kwa mtihani wa kidato cha nne, kwa kuwa cheti kile cha Baraza la Mitihani la Tanzania ndicho atakachodaiwa kila aendapo, na vingine vyote vitalazimika kufanana nacho.

Umebaki mlango mmoja, nao ni darasa la kwanza. Mwanao atajifunza kuandika jina lake kabla ya neno jengine lolote. Atarudi siku moja na daftari lenye alama nyekundu, mwalimu amekata a moja akidhani mtoto ameteleza. Usimwachie jambo hilo mama wa watu, wala usilisubirishe hadi kikao cha wazazi. Kesho yake asubuhi fika skuli na cheti mkononi, msalimie mwalimu vizuri, mwoneshe, kisha mwombe mbele ya mtoto airudishe ile a kwa kalamu ile ile nyekundu.